BMI yako inasema umenenepa: jinsi ya kujua kama inasema kweli

Ukipimwa afya kazini, ukijaza fomu ya bima ya maisha au ukianza kliniki ya presha, BMI, yaani namba inayolinganisha uzito wako na urefu wako, haikosekani. Mhudumu anapima uzito, anapima urefu, anabonyeza kikokotoo, kisha anaandika BMI 27.4 na pembeni yake maneno "uzito uliozidi". Wengi huondoka na maneno hayo bila kuelezwa yametoka wapi. Wengine, walioandikiwa 22, huondoka wakiamini wako salama, na hao ndio wanaotutia wasiwasi zaidi.

BMI ni chekeche. Inasaidia kutenga watu wanaohitaji kuangaliwa kwa makini, na kazi hiyo inaifanya vizuri, kwa haraka na bila gharama. Haioni mafuta, haioni misuli, haijui sukari yako wala presha yako. Kwa hiyo swali la kama inakutendea haki linajibiwa kwa vitendo: ipime sawasawa, kisha ishikishe mkono vipimo vingine viwili au vitatu kabla hujaiamini.

Hesabu yenyewe

Chukua uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu wa mita, kisha jibu hilo ligawanye tena kwa urefu uleule. Mtu wa kilo 65 mwenye urefu wa m 1.60 anabonyeza 65 ÷ 1.60 ÷ 1.60 na kupata 25.4.

Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni kuandika urefu kwa sentimita: utapata 0.0025, na kosa hilo linajionyesha lenyewe. La pili ni baya kwa sababu halijionyeshi. Mtu anasikia "urefu kipeo cha pili" anazidisha 1.60 mara 2, anapata 3.20, anagawanya, jibu linakuja 20.3. Namba hiyo inaonekana ya kawaida kabisa, kumbe si yake.

Anayejua urefu wake kwa futi azidishe inchi zote kwa 2.54. Futi 5 na inchi 4 ni inchi 64, yaani sm 162.6. Usiandike "futi 5.4" halafu ukazidisha kwa 30.48, maana futi moja ina inchi 12, si 10. Utajiongezea sentimita mbili za bure.

Kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 18.5 kuwa uzito pungufu, 18.5 hadi 24.9 kuwa wa kawaida, 25 hadi 29.9 uzito uliozidi, na 30 kwenda juu kiribatumbo, yaani unene uliopindukia. Mistari hii imewekwa na watu, na watu wameihamisha. Hadi 1998 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitumia 27.8 kwa wanaume na 27.3 kwa wanawake kama mwanzo wa uzito uliozidi. Mwaka huo zikashusha mstari hadi 25, na mamilioni ya watu wakalala na uzito wa kawaida, wakaamka wamezidi, bila kuongezeka hata gramu.

Kanuni yenyewe ni ya zamani zaidi. Aliyeitunga ni Adolphe Quetelet wa Ubelgiji katika miaka ya 1830, mtaalamu wa hisabati na nyota aliyekuwa akitafuta vipimo vya "mtu wa wastani". Hakuwa daktari na hakuwa akipima afya. Jina la BMI lilikuja 1972, Ancel Keys na wenzake walipoijaribu kwa wanaume zaidi ya 7,000 wa nchi tano. Wanaume tu. Inafaa kulikumbuka hilo kila mwanamke anapoambiwa namba yake haina mjadala.

Kupima bila kujidanganya

Mizani iwekwe juu ya sementi au vigae. Juu ya zulia, mkeka au udongo inasoma vibaya. Hakikisha inasoma sifuri kabla hujapanda. Kuijaribu, simama juu yake, andika namba, kisha simama tena ukiwa umebeba katoni ya chupa 12 za maji za lita 1.5. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tofauti iwe kilo 18 na kidogo cha plastiki. Ikitoka 16 au 21, mizani hiyo tafuta nyingine.

Jipime asubuhi, baada ya kwenda msalani na kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi, bila viatu, simu wala funguo. Uzito hupanda na kushuka kilo moja hadi mbili ndani ya siku kwa sababu ya maji, chumvi na chakula kilichomo tumboni. Ndiyo maana kupima saa nne asubuhi leo na saa kumi jioni wiki ijayo hakulinganishiki.

Urefu ndio unaoharibu mambo zaidi, kwa kuwa unahesabiwa mara mbili. Simama peku ukutani, visigino, makalio na mabega yakigusa ukuta, uso ukitazama mbele: ukingo wa chini wa jicho na tundu la sikio viwe kwenye mstari mmoja. Mwenzako aweke kitabu kigumu kichwani, kikigusa ukuta na kikikandamiza nywele, apige alama kwa penseli, kisha apime kutoka sakafuni kwa tepu ya chuma ya fundi seremala. Rudia. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya nusu sentimita, pima mara ya tatu.

Kilemba na wigi vivuliwe. Nywele zilizosukwa au rasta zilizofungwa juu ya utosi zifunguliwe au zisogezwe pembeni, kwa sababu fundo la sentimita mbili linatosha kuhamisha mtu kundi: yule wa kilo 65 akiandikwa m 1.62 badala ya 1.60, BMI yake inashuka kutoka 25.4 hadi 24.8. Wazee wapimwe upya kila mara badala ya kutumia urefu wa ujanani, kwa kuwa uti wa mgongo hufupika.

Asiyeweza kusimama wima anakadiriwa kwa mkono. Nyoosha mkono mmoja ubavuni usawa wa bega, pima kutoka kwenye shimo lililo chini ya koo, katikati ya mifupa miwili ya mtulinga, hadi mwanzo wa kidole cha kati na cha pete, pale vinapoachana. Kwa mwanamke zidisha sentimita hizo kwa 1.35 ujumlishe 60.1, kwa mwanamume zidisha kwa 1.40 ujumlishe 57.8. Kanuni hizi zilitokana na Wazungu, hivyo chukua jibu kama makadirio. Aliyekatwa kiungo, uzito wake unarekebishwa kwanza: mguu mzima ni takribani asilimia 16 ya mwili, mguu kutoka chini ya goti karibu 6, mkono mzima 5. Mtu wa kilo 60 asiye na mguu mmoja mzima ahesabiwe 60 ÷ 0.84, yaani kilo 71.4. Kliniki nyingi huruka hatua hii, na mgonjwa anaandikwa amekonda wakati hajakonda.

Sasa chukua futi kamba

Hapa ndipo penye uzito wa suala lote. Mafuta ya chini ya ngozi, kwenye makalio na mapaja, hayana madhara kama mafuta yaliyojibana ndani ya tumbo yakizunguka ini, kongosho na utumbo. Hayo ya ndani humwaga asidi za mafuta kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini. Ini likielemewa, insulini inapoteza nguvu, sukari inapanda, na presha hufuata. BMI haiwezi kutofautisha paja na tumbo. Futi kamba ya fundi cherehani inaweza.

Hakikisha kwanza haijavutika kwa uzee: iwekee rula ya sm 30 uone kama zinalingana. Simama umeachanisha miguu kidogo, tumbo wazi. Papasa ubavuni hadi uguse ubavu wa mwisho, kisha shuka uguse ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya sehemu hizo mbili weka alama ya kalamu, kushoto na kulia. Zungusha futi juu ya alama hizo, iwe sawa mbele na nyuma, iguse ngozi bila kuibana. Pumua nje kawaida, na soma mwisho wa pumzi hiyo. Usibane tumbo.

Kosa kubwa ni kupima pale mkanda wa suruali unapokaa. Mwanamume mwenye kitambi hufunga mkanda chini ya tumbo, kwa hiyo anavaa suruali namba 34, ambayo ni sm 86, wakati kiuno chake halisi kina sm 105. Namba ya suruali haihesabiki hapa. Kwa wanawake, kanga au kitenge kilichofungwa kiunoni huongeza sentimita kadhaa na huacha alama inayompoteza mpimaji.

Kisha gawanya kiuno kwa urefu, vyote kwa sentimita. Mwongozo wa taifa wa Uingereza uliotolewa 2022 unachukulia 0.4 hadi 0.49 kuwa salama, 0.5 hadi 0.59 hatari iliyoongezeka, na 0.6 kwenda juu hatari kubwa. Ukubwa wa mtu, jinsia na kabila havibadilishi mistari hiyo, ndiyo sababu tunaipendelea. Ila usiitumie kwa mwenye BMI ya 35 na zaidi, maana kwake kiuno hakiongezi habari mpya.

Nyumbani kusiko na futi, kamba inatosha. Ikate sawa na urefu wako, ikunje katikati, izungushe kwenye alama zilezile. Ncha zisipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako.

Utaona pia mistari ya sm 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake. Kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara imeazimwa kutoka Ulaya kwa kukosa takwimu zetu wenyewe. Tafiti za Afrika Kusini zimeonyesha kwamba kwa wanawake weusi sm 80 ni ya chini mno. Baadhi zimependekeza karibu sm 92. Mwanamke wa umbo la namba nane mwenye kiuno cha sm 84 asitishwe na mstari huo peke yake.

Linganisha watu hawa, wa mfano tu. Wawili wa kwanza ni wanaume wa m 1.70 na kilo 84 kila mmoja, BMI 29.1. Mmoja anabeba magunia sokoni, kiuno sm 82, uwiano 0.48. Mwingine anakaa ofisini na kurudi nyumbani kwa gari, kiuno sm 104, uwiano 0.61. Karatasi inawaandika sawa. Wa tatu ni m 1.72, kilo 68, BMI 23, ambaye kila mtu anamwita mwembamba. Kiuno chake sm 92, uwiano 0.53. Huyu ndiye anayepitwa na chekeche, na huyu anahitaji kupima sukari kuliko yule mbeba magunia.

Mistari haiko sawa kwa kila damu

Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa watu karibu milioni moja na nusu nchini Uingereza, uliouliza swali moja la maana: mzungu mwenye BMI ya 30 ana kiwango fulani cha hatari ya kupata kisukari, wengine wanafikia hatari hiyohiyo wakiwa na BMI gani? Majibu: wenye asili ya Asia ya Kusini 23.9, Waarabu 26.6, Wachina 26.9, weusi 28.1. Kwa hiyo familia za pwani zenye asili ya India, Pakistani au Arabuni, ziwe Mombasa, Dar es Salaam au Maskati, zisisubiri 30. Mwongozo wa Uingereza huwahesabu hao, pamoja na Waafrika weusi, kuwa na uzito uliozidi kuanzia 23 na kiribatumbo kuanzia 27.5.

Hapa kuna jambo linalochanganya, na ni vizuri liwekwe wazi. Vipimo vya mwili vilivyofanywa Marekani vinaonyesha watu weusi wana misuli na mifupa mizito zaidi kwa BMI ileile, jambo linaloonyesha BMI inawaonea. Hatari ya kisukari nayo inaonyesha BMI inawapendelea. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na hakuna mstari mmoja wa BMI utakaoyapatanisha. Ndiyo maana kiuno na damu lazima viangaliwe.

Urefu nao una upendeleo wake. Kanuni ya Quetelet humfanya mtu mrefu aonekane mnene kuliko alivyo, na mfupi aonekane mwembamba kuliko alivyo. Mwaka 2013 Nick Trefethen, mwanahisabati wa Oxford, alipendekeza kuzidisha uzito kwa 1.3 na kugawanya kwa urefu wa kipeo cha 2.5. Kwa mwanamke wa m 1.50 na kilo 57, BMI ya kawaida ni 25.3, kwa kanuni hiyo ni 26.9. Kliniki hazitumii kanuni hii, ila mtu wa chini ya m 1.55 au juu ya m 1.85 aijue kasoro hiyo.

Wasiopaswa kusomewa jedwali hili

Watoto na vijana hadi miaka 19. Wao husomwa kwa umri na jinsia kwenye chati za Shirika la Afya Duniani. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa pia mzingo wa mkono wa juu: chini ya sm 11.5 ni utapiamlo mkali na anapelekwa kituoni siku hiyohiyo.

Wajawazito. Inayohesabika ni BMI ya kabla ya mimba au ya wiki za mwanzo, na kazi yake ni kukadiria ongezeko linalofaa: aliyeanza na uzito wa kawaida anatarajiwa kuongeza kilo 11.5 hadi 16, aliyeanza na kiribatumbo kilo 5 hadi 9.

Wenye maji mwilini. Moyo ukishindwa kazi, figo zikivuja protini, au ini likiharibiwa na kichocho cha tumbo, kama inavyotokea kwa watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria, mizani inapima maji. Mtu anaweza kuwa na BMI ya 26 na mikono iliyobaki mifupa. Bonyeza mfupa wa mundi kwa kidole gumba kwa sekunde kumi. Likibaki shimo, BMI weka kando na umwone daktari.

Wazee waliopoteza misuli. BMI ya 24 kwa mzee asiyeweza kuinuka kitini bila kushika kitu si habari njema, na kumshauri apunguze uzito kunaweza kumdhuru.

Vipimo vinavyokamilisha

BMI ikiwa 25 au zaidi (23 kwa makundi tuliyotaja), au uwiano wa kiuno ukifika 0.5, usianze na kujinyima chakula. Anza na presha na sukari. Presha ipimwe umekaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na kitambaa cha kipimo kienee mkono: kidogo kikifungwa kwenye mkono mnene husoma presha ya juu isiyokuwepo. Ikisoma 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, ni presha ya juu. Sukari kabla ya kula chochote kwa saa nane: 7.0 mmol/L kwenda juu ni ya kisukari na inarudiwa kuthibitishwa, 6.1 hadi 6.9 ni onyo. Kipimo cha sukari cha miezi mitatu kina mstari wa asilimia 6.5, ila mwenye sikoseli akikwepe, kwa kuwa seli zake za damu hazikai muda wa kutosha na jibu hutoka la chini. Lehemu ipimwe uwezo ukiruhusu.

Mwaka 2025 jopo la kimataifa la wataalamu lilipendekeza mgawanyo unaotusaidia hapa: mafuta mengi mwilini yathibitishwe kwa kipimo kingine zaidi ya BMI, isipokuwa BMI ikizidi 40, kisha waliokwisha kudhurika viungo watenganishwe na wale ambao bado. Yule ambaye bado anafuatiliwa na kushauriwa. Aliyedhurika anatibiwa.

Namba moja ya leo ina maana ndogo kuliko safari yake. Andika uzito na kiuno kila mwezi, mizani ileile, saa ileile. Aliyekuwa na BMI 30 akashuka hadi 25 ndani ya miezi sita bila kukusudia anaandikwa "afadhali" kwenye jedwali, wakati mwili unapiga kelele: kupungua zaidi ya asilimia 5 bila sababu kunadai kuchunguzwa kifua kikuu, kisukari, VVU na saratani. Tunafahamu kwamba kwetu kukonda hunong'onezewa na kunenepa husifiwa, na kwa sababu hiyo wengi huficha. Afadhali aulizwe mhudumu kuliko jirani. Kwa anayetumia dawa za VVU zenye dolutegravir, kuongezeka uzito ni jambo linalojulikana. Alipeleke kliniki kama swali, na dawa asiache hata siku moja.

Ukienda kupimwa kwa ajili ya kazi au bima, nenda na karatasi yako: urefu uliopimwa peku, kiuno na uwiano wake, presha, sukari, na tarehe. Omba kiuno kiandikwe kwenye fomu kando ya BMI. Ikikataliwa kwamba fomu haina nafasi hiyo, omba kiandikwe kwenye sehemu ya maoni, kwa sababu daktari wa kampuni ya bima husoma kilichoandikwa tu, mwili wako hauoni.